Ngazi za Ngome ya Gand

“Ile château naijua kuliko batu walioijenga, Papa. Kesho nitakupandisha mpaka juu kabisa.”

Ndivyo Lionel alivyojigamba juma lililopita, na ndipo tulipomwacha, simu sikioni na jasho mgongoni. Wale mlioisoma sehemu ile mkiwa mmesimama kwa muuza magazeti bila kununua, karibuni tena. Ninyi ndio mnaokumbuka vizuri kuliko wote.

Kwa wengine nakumbusha mbio mbio. Lionel hajaiona ngome ya Gand. Hajauona mji wa Gand wala nchi yenyewe ya Ubelgiji. Viza ilikataliwa Kinshasa, na kijana aliyeagwa na mtaa mzima wa Kisangani, kwa sala, kwa pagne mpya za kitenge, kwa machozi ya wanawake wengine ambao hata hawakumjua, akarudi kimya kimya na baleinière, ile mashua ya mbao ya mizigo. Akashuka ukingo wa kushoto, Lubunga, kofia imefunika macho.

Miezi saba sasa analala nyuma ya karakana ya tonton Rachidi, mtu wa Maniema anayetengeneza baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria. Kati yake na nyumba ya baba yake kuna mto tu. Ukipata bac, kivuko cha watu na magari, bila foleni, ni dakika ishirini.

Ulaya ya dakika ishirini. Lakini kwenda haendi.

Na baba yake, Papa Zacharie, alikuwa fundi wa mashine ya bac hiyohiyo kwa miaka thelathini. Leo macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli basi. Madaktari wageni wako hospitali ya mjini, upande wa mzee, wanapasua macho bila malipo, na leo ni siku yao ya mwisho. Orodha inafungwa saa tisa alasiri.

Mzee aliyetia mkono maisha yake yote katika mashine inayozunguka anaogopa kisu kidogo kama ukucha. Alikataa. Walipomsihi sana akatoa sharti. Juu ya kitanda chake kuna picha ya posta ya ngome ya Gand, aliyopewa na padri mmoja Mflamandi aliyevuka na bac kila Jumamosi. Miaka thelathini anaiangalia. Akasema, mwanangu yuko kule, anipandishe kwa simu mpaka juu ya mnara. Tukifika juu nitaenda hospitali. Macho yakiharibika, basi angalau nitakuwa nimefika.

Umeelewa? Akifika juu kabla ya saa tisa, anapona. Asipofika, anabaki gizani. Na huyo wa kumpandisha hajui hata mlango wa ngome uko upande gani.

Basi tuingie.

Saa nne kasoro, Lionel alikuwa amejenga Ulaya yake. Alilaza pipa tupu la mafuta juu ya matofali, akatia kichwa ndani mpaka mabegani, akajaribu sauti. Ikarudi nzito, ya mawe. Pembeni ya shavu aliweka simu ya Rachidi, yenye video ya dakika nne ambayo mtalii mmoja aliipiga ndani ya ngome. Viatu juu ya mawe, watu wakiongea Kiflamandi, mlango mzito, mwanamke mmoja akicheka. Video ikiisha inaanza tena. Mkononi alishika karatasi aliyonakilia habari za ngome kutoka mtandaoni.

Rachidi aliuliza kama aite daktari au fundi wa kuchomelea. Lionel akamjibu kutoka ndani ya pipa kwamba asimguse, asimwite, asimkoholee, hata karakana ikishika moto.

“Sawa, mundele, mzungu wa Lubunga,” akasema Rachidi, akarudi kwenye minyororo yake.

Simu yake mwenyewe ikalia. Ng'ambo ya mto alikuwa Falonne, binti wa jirani anayesomea uuguzi, ambaye ndiye anamshikia mzee simu. Alisema Papa amevaa viatu vya Jumapili. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba jina la mzee limeandikwa orodhani, wanamsubiri, na kaka, yaya Lionel, afanye haraka.

“Uko kwa mulango?” Papa akauliza, bila hata salamu.

Lionel akasema yuko mlangoni. Papa akataka kujua kama juu ya mlango bado kuna tundu lenye umbo la msalaba. Karatasi ilisema lipo. Lionel akasema lipo. Mzee akapumua kama mtu aliyekuta chombo chake pale alipokiacha.

Wakaingia. Uani, upepo. Ukumbi, baridi. Lionel alisoma na kuongeza, akaongeza na kusahau alichosoma. Wafalme wakawa wanne, kisha watano. Alitia panga ukutani, akatia kichwa cha simba, akakaribia kutia kiboko akajizuia.

Ndipo Papa akasema, “Ule mama anacheka tena.”

Lionel akaitazama simu ya Rachidi.

“Tangu kwa mulango anacheka. Mara ya tatu hii. Iko anakufuata?”

Angefanya nini? Angezima video, ngome ingekufa. Akasema ndiyo, anamfuata.

Lo. Simu ikajaa furaha. Mzee alitaka kujua kama ana bwana. Alitaka kujua jina lake. Lionel akaitazama kutu ya ndani ya pipa, kutu haikumsaidia, akatamka jina la kwanza lililomjia, Lydie. Papa akataka kumsalimia Lydie. Lionel akasema amekwenda chooni.

“Ile choo inayoangukia moja kwa moja mu maji?” akauliza Papa. “Padri aliniambia. Muambie asiangushe simu.” Akacheka mpaka akakohoa. Halafu sauti ikashuka. “Bon. Donc hauko peke yako kule. Mi nilikuwa nawaza uko peke yako.”

Lionel akaisogeza video karibu zaidi na shavu.

Kwa sababu ukweli, msomaji wangu, ni kwamba cheko hilo Lionel alilijua vizuri kuliko sauti ya mtu yeyote aliye hai. Alikuwa amelisikiliza siku tatu, akijiandaa. Lilianza kidogo puani, likapanda, likakatika ghafla kana kwamba mtu amemshika mkono. Kila lilipokatika alijiuliza ni nani huyo aliyemshika. Yeye hakuna aliyemshika mkono tangu Kinshasa, labda yule karani aliyemrudishia pasipoti.

Jumapili iliyopita alikaa ukingoni, kofia machoni, akitazama ng'ambo. Bati la nyumba yao halionekani, linazibwa na mipapai. Kinachoonekana ni nukta moja ya buluu, shati la Papa kwenye kamba. Lilipepea kama bendera, na Lionel alijua kwa nini. Tangu mama afe mzee anaanika mwenyewe, kwa kupapasa, na hubana mkono mmoja tu wa shati.

Falonne akaomba wapumzike, Papa ale. Saa sita na nusu wakarudi, na sasa zilibaki ngazi.

Karatasi haikutaja idadi ya ngazi. Lionel akaamua ziwe themanini, maana themanini ni heshima na haimalizi mégas za bando la simu. Akamwambia Papa kwamba zinazunguka kama konokono, nyembamba, mtu ashike ukuta. Wakaanza kuhesabu pamoja, moja, mbili, tatu, Lionel akigonga pipa kwa goti kila ngazi.

Kwenye ya kumi na tano Falonne aliingilia. Alisema Papa hakai. Amesimama mbele ya kiti, ameshika ukuta, na kila hesabu ananyanyua mguu. Anapanda kweli.

Wakafika thelathini, arobaini. Mzee alikuwa anahema. Lionel akamwambia apumzike, akajibiwa kwamba mashine haizimwi katikati ya mto. Hamsini na tano. Hamsini na nane. Bado kidogo tu, wasomaji, saa saba haijafika, hospitali inangoja, uongo wetu unapanda vizuri.

Kwenye ya sitini honi ikalia.

Ilikuwa honi ya bac, ndefu. Lionel alikuwa ameiwazia tangu jana, si mjinga. Kidole kikaruka, kikafunga maiki. Ng'ambo hakitasikika kitu.

Honi ya pili, ndefu. Ya tatu.

Nyinyi wa mto mnajua. Honi tatu ndefu katikati ya maji maana yake bac imebeba jeneza. Kingo zote mbili zinasimama. Mwenye kuuza anaacha kuuza, mwenye kugombana anaacha. Hakuna anayeongea mpaka bac igote ng'ambo, kisha kila mtu, kwa sauti ya kujisemea, anasema maneno mawili. Miaka mitatu iliyopita Lionel na Papa walikuwa juu ya bac hiyo, mkono wa kila mmoja juu ya ubao wa jeneza, wakimpeleka mama kwa watu wake upande wa Lubunga. Siku hiyo Papa alikuwa ameshastaafu, lakini alimwomba nahodha, na honi alizipiga yeye.

Rachidi akaweka spana chini. Lionel akatoa kichwa ndani ya pipa. Akasimama, akavua kofia. Hakuwaza lolote. Miguu yake ndiyo iliyowaza.

Jeneza lilikuwa linatoka Lubunga kwenda mjini. Bac ikaenda, ikapungua, ikagota. Lionel akainama, akarudisha kichwa ndani, akaachia kidole, na mdomo wake ukasema peke yake, kama ulivyosema tangu utotoni:

“Avuke muzuri.”

Na katika simu, pumzi ileile, neno lilelile, sauti ya Papa: “Avuke muzuri.”

Yakagongana ndani ya pipa kama mabakuli mawili.

Video ikaendelea, viatu juu ya mawe. Mwanamke akacheka, cheko likakatika. Lionel alisubiri swali. Mama yangu, alisubiri.

“Ngazi ya ngapi?” Papa akauliza.

“Sitini, Papa.”

“Bado ishirini.”

“Bado ishirini.”

“Bon. Usikate simu.”

Ni hilo tu. Papa hakusikia, au alidhani ni mwangwi, wazee wana mwangwi mwingi kichwani. Lionel alimshukuru Mungu, bikira Maria na kampuni ya simu, wote kwa pamoja.

Sasa angalia bahati inavyomfuata mwongo. Simu ilijaa kelele. Kiti kikasukumwa. Papa akamwomba Falonne fimbo na kofia. Falonne akasema jambo, Papa akamjibu jambo fupi, na binti akavileta. Kisha kengele ya toleka, na mzee akipiga soga na mwenye baiskeli.

Anakwenda hospitali! Hajafika juu na tayari anakwenda. Lionel alitaka kuruka, akagonga kisogo kwenye bati.

“Papa, unaenda?”

“Naenda. We endelea kupanda, tutafika pamoja.”

Akapanda. Sitini na moja, polepole, akimpa muda. Akasikia watu wengi, wakimwita mzee kwa jina la kazi, “Mécanicien, Mécanicien.” Wagonjwa wa foleni, bila shaka. Nani hamjui fundi wa bac? Halafu mngurumo mzito, wa kutetemesha simu. Lionel akauliza ni nini. Papa akamjibu bila haraka kwamba mashine hiyo inahitaji kubadilishwa mafuta.

Jenereta ya hospitali, Lionel akawaza. Hata akienda kupasuliwa, baba yake lazima akague jenereta.

Sabini. Mngurumo ukaisha. Sauti nyingine, watu tena, salamu tena, zile za chini chini za watu wanaomheshimu mtu. Fimbo juu ya changarawe. Sabini na tano.

Karakanani Rachidi akakohoa.

Lionel hakujali. Rachidi akaangusha spana. Akaiokota, akaiangusha tena. Amri ni amri, hata karakana ikishika moto. Hajui huyu jinsi siku hii ilivyo kubwa, Lionel akawaza, akapiga bati kwa goti. Themanini.

“Tumefika, Papa.”

“Uko juu?”

“Niko juu kabisa.”

“Uko na Lydie?”

Lionel akafumba macho. “Hapana. Alishuka. Niko peke yangu.”

“Unaona nini?”

Karatasi ilikuwa imelowa jasho, haisomeki. Akasema anaona minara mitatu. Anaona mto, na mashua za watalii. Akataka kuongeza mfalme, mfalme hakuja. Ndani ya pipa kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya zamani, harufu ya nguo za baba yake kila jioni ya utoto wake, na mdomo ulishaasi mara moja leo. Uliasi tena.

“Naona mbali sana, Papa. Huku juu mutu anaona mbali. Naona mpaka kwetu. Naona chemise yako ya bleu kwa kamba. Umeianika kwa mukono moja.”

Lionel akasikia Papa anapumua, na ajabu, alimsikia vizuri mno, kwa masikio yote mawili.

“Kweli unaona mbali,” Papa akasema.

Simu ilisema hivyo. Na sauti ileile ilisema nyuma yake, nje ya bati.

Ngo. Ngo. Ngo. Fimbo juu ya pipa.

Rachidi alitazama mnyororo kana kwamba hajawahi kuona mnyororo.

“Falonne,” akasema Papa Zacharie, “mi sioni muzuri. Niambie, château iko namna gani?”

Binti akaligusa pipa. “Iko na kutu, Papa.”

“Na mwenye château?”

“Kichwa hakionekane. Naona tu matako na miguu.”

Mzee akapapasa kwa fimbo, akapata kiti cha baiskeli isiyo na magurudumu, akakaa. Hakupandisha sauti. Alisema alipofika gatini aliuliza mwanawe anakaa kwa nani, akidhani atazunguka Lubunga nzima. Hakuzunguka. Wa kwanza tu alimwonyesha njia. Wa pili alitaka kumsindikiza. Wote walijua, tangu siku ya kofia machoni, na walinyamaza kwa heshima ya Mécanicien.

Miezi saba Lionel alijificha kwa watu waliokuwa wanampisha ajifiche.

“Honi niliisikia kwa sikio,” Papa akasema. “Kwa simu sikusikia kitu. Lakini ulinyamaza nayo, ukarudi nayo. Mutu wa Gand hajue bac inagota saa ngapi.”

Kutoka mtoni ikaja honi moja, fupi. Bac inapakia, ikipiga ya tatu inaondoka. Saa nane na dakika kumi. Falonne alisema hivyo, na alisema inayofuata ni ya saa kumi, na orodha inafungwa saa tisa. Hakutaja pirogue, ule mtumbwi wa injini. Kila mtu anajua Papa Zacharie hapandi pirogue. Injini yake anaiita mashine ya kusaga muhogo.

“Nilisema nitaenda nikifika juu,” mzee akaendelea. “Mi nimefika. Lakini zile ngazi themanini, Lionel, siwezi kuzishuka peke yangu. Na hospitali siendi peke yangu. Mi pia niko peke yangu kule kwa nyumba, we ulijua hivyo.”

Akanyoosha mkono mbele, hewani, kiganja juu, upande ambao alidhani ndio mlango wa ngome. Ulikuwa umekosea kidogo. Uliielekea ndoo.

Honi ya pili, fupi.

Na ndani ya pipa, ambamo Lionel alikuwa bado hajatoa kichwa, yule mama akaanza kucheka tena.